Ahadi ni Deni: Uhakiki wa Sarafu za Tabora na Mikusanyo Yake

Mtoto wa Bujumbura atumwapo dukani huulizwa kwanza kama amepewa amahera. Mwenzake wa Dar es Salaam huulizwa kama anazo hela. Mmoja anasema Kirundi na mwingine Kiswahili, lakini wote wawili wanatamka, aghalabu bila kujua, jina la sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Heller. Sarafu hiyo ilianza kutumika katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, rupia moja ikiwa na heller 100. Urundi, Ruanda na Tanganyika zilikuwa chini ya dola moja wakati huo. Dola hiyo imekwisha, sarafu zake hazinunui hata kibiriti, bali jina limebaki vinywani mwetu pande zote mbili za mpaka.

Makala haya yanahusu heller za mwisho, yaani zile zilizopigwa Tabora mwaka 1916 kwa sababu ya uhaba wa sarafu wakati wa vita. Yamkini msomaji atashangaa kuona uhakiki wa sarafu katika kurasa ambazo kwa kawaida huhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini sarafu nayo ni maandishi. Ina mwandishi, ina lugha, ina hadhira, na ina kauli ambayo msomaji ana haki ya kuuliza kama ni ya kweli. Mkusanyo wa sarafu nao hautofautiani sana na diwani: mkusanyaji amechagua, amepanga, na ameandika maelezo chini ya kila kipande. Kwa hiyo vyote viwili, sarafu na mkusanyo wake, vyaweza kupimwa.

Kipimo changu ni kimoja. Sarafu iliyotolewa wakati wa uhaba ni ahadi, na ahadi, kama wasemavyo wahenga, ni deni. Hapana budi kuuliza: ni nani aliyeahidi, na ni nani aliyeachwa na ahadi hiyo mkononi? Mikusanyo mingi ya sarafu za Tabora haiulizi swali hili la pili, na hapo ndipo ilipo kasoro yake kubwa.

Ili kipimo hiki kieleweke, natuanze karibu na nyumbani, kwenye ziwa letu. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza jinsi soko la pale lilivyoendeshwa kwa shanga zilizoitwa sofi, ambazo zilifanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi walikuja watu wenye mifuko ya shanga hizo, wakawabadilishia waliotaka kununua vitu. Soko lilipokwisha, watu walewale walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Tazama uzuri wa mpango huo. Shanga yenyewe haikuliwa wala haikuvaliwa pale sokoni. Thamani yake ilikuwa katika uhakika kwamba jioni yupo mtu atakayeipokea. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kama mlango wa kuingilia.

Sasa tulinganishe na Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, watu wa huko walificha dhahabu, kisha fedha, na mwishowe hata senti za kawaida. Wenye maduka wakakosa chenji, nao wakaanza kutoa vipande vyao wenyewe vya shaba vyenye ukubwa wa senti, vingine vikiwa na jina la duka, vingine vikiwa na maneno ya kizalendo tu. Mmojawapo alikuwa Gustavus Lindenmueller, mwenye kilabu cha pombe mjini New York, ambaye vipande vyake vinahesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Kampuni ya magari ya reli ya Third Avenue ilivipokea kama nauli. Ilipompelekea vipande hivyo ili avilipie, alikataa, na kampuni haikuwa na njia ya kumlazimisha. Mwaka 1864 Bunge la Marekani lilipiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Mifano hii miwili yatosha kuonyesha tofauti iliyopo. Kwa umbo, kipande cha Lindenmueller kilifanana na senti kuliko sofi ilivyofanana na sarafu yoyote. Kwa kazi, sofi ilikuwa sarafu bora, kwa sababu aliyeitoa asubuhi alisimama palepale jioni. Kipande cha duka ni kauli ya mtu, na ubora wa kauli haumo katika shaba bali katika msemaji.

Tukiwa na kipimo hicho, twende Tabora. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, manowari za Uingereza ziliifunga njia ya bahari. Sarafu za koloni zilikuwa zikipigwa Ujerumani, Berlin na Hamburg, na sasa hazikuweza kufika. Kama ilivyotokea Marekani, mwenye rupia ya fedha aliificha. Serikali nayo ilihitaji kulipa askari, wapagazi na wauza chakula. Tangu mwaka 1915 benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ilitoa noti za muda zilizochapwa humuhumu nchini. Hali ilizidi kuwa mbaya hata noti za mwaka 1917, zilizopewa jina la noti za porini, zikapigwa kwa herufi za mpira.

Lakini noti haimsaidii mama auzaye muhogo ikiwa hakuna chenji ya kumrudishia mnunuzi. Ndiyo sababu mwaka 1916, katika karakana ya reli jirani na Tabora, zilipigwa sarafu za aina tatu: heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu. Heller 5 zilikuwa za shaba ya manjano. Heller 20, ambazo hazikuwahi kuwapo kabla ya vita, zilipigwa kwa shaba ya manjano na kwa shaba nyekundu, na idadi yake ilipita milioni moja. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu, na dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Kazi haikudumu, kwani majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Tuanze uhakiki na ile ya dhahabu, kwa kuwa ndiyo isifiwayo na wengi. Upande mmoja ina tai wa Kaizari, jina la koloni na thamani. Upande wa pili ina tembo, na nyuma yake milima. Ni kazi nzuri, na ukikumbuka kwamba ilitoka katika karakana ya kutengenezea vyombo vya reli, mikono iliyoifanya yastahili heshima. Hata hivyo, wasanii wake wasipunjwe na wasipambwe kupita kiasi. Rupia 15 ni heller 1,500, yaani heller ishirini-ishirini zipatazo 75. Ni mchuuzi gani wa dagaa angeweza kuivunja? Sarafu hii haikutibu ugonjwa wa chenji. Zaidi ya hayo, robo tatu yake ilikuwa dhahabu halisi, na dhahabu hupokewa hata kama aliyeipiga amekimbia. Kwa hiyo haikuwa ahadi bali malipo kamili. Mkusanyaji anayeiweka mwanzoni mwa mkusanyo wake kama mfano bora wa sarafu za uhaba amechanganya tanzu, kama mtu aliyeweka utenzi wa kusifu katika kitabu cha vitendawili.

Mfano bora ni heller 20, na haipendezi kuitazama. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili ina tarakimu 20, neno Heller, matawi, na herufi T ya Tabora. Maneno yake ni machache kama ya simu ya upepo. Nyingi hazikupigwa sawasawa: mchoro umekaa kombo, au umefifia upande. Lakini kila kipande kinasema ukweli wa hali yake: serikali imeishiwa, nayo inakuomba uiamini kwa muda. Tena haiombi tu, inaamuru. Hapa ndipo sarafu ya Tabora inapotofautiana na sofi na hata na kipande cha Lindenmueller. Mwenye kilabu hakuwa na askari wa kumlazimisha mtu kupokea shaba yake. Serikali ya vita ilikuwa nao.

Jambo la pili la kuhakikiwa ni lugha. Pesa zilizotolewa na kampuni ya Wajerumani kuanzia mwaka 1890 zilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja, kwa kuwa watoaji walijua kwamba wasomaji wa pwani walisoma hati hiyo. Heller haikuwa na maandishi hayo. Kufikia mwaka 1916 koloni liliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, katika shule, katika ofisi za maakida na jeshini. Lakini sarafu iliyotakiwa kuaminiwa na wasemaji wa Kiswahili haikuwaambia neno hata moja. Wabelgiji nao hawakuwa tofauti. Walipoichukua nchi yetu, wakiwa wameingia Usumbura mwezi wa Juni 1916, stempu za Kongo walizozitumia ziligongwa juu yake maneno ya Kifaransa na Kiholanzi kueleza kwamba nchi imekaliwa na Ubelgiji. Walioambiwa habari hiyo hawakuwa wenye nchi. Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, ziliandikwa «Shilingi moja» na «Senti hamsini», na tofauti hiyo si ndogo: ahadi sharti itolewe kwa lugha anayoielewa anayeahidiwa.

Sasa tuwageukie wakusanyaji. Si haki kusema kwamba hawana bidii. Wamezichunguza heller 20 hadi wakazigawa kwa ukubwa wa taji, na kwa ncha za herufi L katika neno Heller: zipo zenye ncha kali, zipo zenye L ya pili iliyopinda, zipo zenye L zote mbili zilizopinda. Mtu wa nje huweza kucheka, lakini mwalimu aliyewahi kulinganisha nakala mbili za muswada mmoja hawezi kucheka. Tofauti hizi zathibitisha kwamba mihuri ya kupigia ilichongwa zaidi ya mara moja, na kwa mkono. Huo ni ushahidi wa kazi na wa haraka ya vita, nasi twawashukuru waliouona.

Kasoro huanza uchunguzi unapokomea hapo. Mkusanyaji atakueleza ncha ya L, lakini hatakueleza kipande alikipata wapi, kilipita katika mikono ya nani, wala kilinunua nini. Wengine huzisugua sarafu zao mpaka zing'ae, na kwa kufanya hivyo hufuta alama pekee walizoziacha waliozitumia. Katika biashara ya sarafu kipande ambacho hakikutumika ndicho chenye bei kubwa. Kwa mnunuzi huenda ni sawa. Kwa msomaji wa historia ni kinyume. Heller 20 ambayo haikuingia sokoni ni ahadi ambayo haikuwahi kutamkwa. Ile iliyolika taji lake ndiyo iliyofanya kazi.

Kuna pia kasoro ya hadithi tamu. Husemwa mara nyingi, hasa na wauzaji, kwamba shaba ya sarafu hizi ilitoka katika maganda ya mizinga ya manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Kwamba karakana ilitumia shaba yoyote iliyopatikana, maganda ya risasi yakiwamo, ni jambo la kukubalika. Lakini hakuna jicho liwezalo kuitazama heller moja likasema, «Hii ni ya Königsberg.» Anayesema hivyo anauza hadithi pamoja na shaba.

Vivyo hivyo kwetu Bujumbura. Mtu akiwa na heller ya Tabora, hupenda kusema kwamba babu zetu waliitumia katika soko la Usumbura. Huenda ikawa hivyo. Lakini tarehe zinatuonya. Wabelgiji waliingia Usumbura na Gitega mwezi wa Juni 1916, nayo Tabora miezi mitatu baadaye. Sarafu iliyopigwa mwaka huo yaweza kuwa ililetwa na mpagazi au askari aliyerudi kutoka Tabora, au na mfanyabiashara aliyepita kwa reli hadi Kigoma, njia iliyokamilika mwaka 1914, kisha kwa chombo cha ziwani. Habari ya safari hiyo ingekuwa na thamani kuliko madai ya jumla. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mikusanyo wana mali tele. Daftari ndilo lililokosekana.

Na daftari hilo lingetuonyesha nini? Lingetuonyesha jinsi hasara ilivyogawanyika. Serikali iliyoahidi ilipoondoka, mwenye dhahabu alibaki na dhahabu. Mwenye rupia ya fedha aliyeificha alibaki na fedha. Mwenye noti za muda alibaki na karatasi. Mwenye heller 20 alibaki na kipande cha shaba chenye thamani ya shaba, na lile neno «20» halikuwa na mtu wa kulisimamia. Sarafu ndogo hushikwa na watu wadogo: mpagazi, mpishi, mke wa askari, muuza ndizi. Kwa hiyo ahadi iliyovunjwa kwa heller 20 ilivunjwa kwa wale waliokuwa na uwezo mdogo kabisa wa kuidai. Lindenmueller alimkataa mwenye kampuni ya magari, ambaye angalau kilio chake kilisikika. Mpagazi angemshtaki nani?

Swali hili ndilo linalotenganisha mkusanyo na lundo la vyuma. Ninaona kwamba mkusanyo wenye heller tatu zilizolika, na mbele ya kila moja maelezo ya kweli ya aliyekuwa nayo na jinsi ilivyofika, ni bora kuliko sanduku lenye ncha zote za L zikimeta. Wa pili ni orodha. Wa kwanza ni kitabu.

Walimu wenzangu watauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa lugha? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sarafu ni somo jepesi kuliingiza darasani. Mwalimu hahitaji dhahabu ya Tabora. Achukue sarafu yoyote iliyokwisha muda wake, ya faranga, ya senti au ya makuta, awape wanafunzi waandike insha kwa maswali manne: Nani aliitoa? Alisema kwa lugha gani? Nani alilazimika kuipokea? Ilipokwisha, nani alibaki nayo? Swali la nne litawapeleka nyumbani kwa wazee, na huko ndiko daftari litakakoandikwa, kabla wazee hawajaondoka nalo. Hata peremende anayopewa mnunuzi badala ya chenji yaweza kuwa mada: je, muuza duka huyo ataipokea peremende hiyo kesho kama malipo? Mwanafunzi atakayejibu swali hilo ameshaelewa tofauti ya Ujiji na New York.

Pili, Kiswahili chenyewe ni mkusanyaji, na mkusanyaji makini. Pesa ilitoka Bara Hindi, nayo rupia. Faranga ilitoka Ulaya kwa mkono wa Mbelgiji. Shilingi na senti kwa mkono wa Mwingereza. Hela kwa mkono wa Mjerumani. Kwa neno hela, lugha haikujali ncha ya L, bali iliitupa L moja kabisa, ikaiondoa r ya mwisho, ikaliachia neno liishe kwa irabu kama maneno mengine. Kirundi nacho kikalipa kiambishi chake, likawa amahera. Kisha lugha zote mbili zikafanya jambo ambalo serikali iliyotoa sarafu haikulifanya: zikaendelea kulipokea. Mtu akisema leo «Nina hela», anaeleweka Kigoma, anaeleweka Buyenzi, anaeleweka Mombasa.

Wenye mikusanyo wa Bujumbura, basi, waombwe jambo moja. Wasizisugue tena sarafu zao. Waketi na waliowapa, au na watoto wa waliowapa, waandike majina ya mahali, miaka, na kazi iliyolipwa kwa kipande hicho. Wakiandika kwa Kiswahili au kwa Kirundi itakuwa bora zaidi, ili habari ziwarudie wale ambao sarafu yenyewe haikusema nao. Deni la shaba haliwezi kulipwa tena. Deni la habari bado lalipika.